Dhaifu na Aliyedhoofishwa: Maneno Matatu kutoka Rasi ya Tumaini Jema



Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha pili, nilikuwa nikifundisha mnyambuliko wa vitenzi. Niliandika ubaoni: piga, pigwa, soma, somwa, oa, olewa. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, mimi nikisema nimemwoa Juma, nitakuwa nimekosea sarufi au nimekosea adabu?" Darasa likacheka. Nami, kwa kutaka kicheko kile kiwe upande wangu, nikamjibu: "Umekosea vyote viwili, kaa chini." Akakaa. Hakuuliza tena swali mpaka muhula ukaisha.

Nimestaafu, na swali lile halijastaafu. Jibu langu halikuwa la mwalimu. Yule mtoto alikuwa ameona jambo ambalo wanazuoni wanaliandikia vitabu: kwamba kauli ya kitenzi hutueleza nani mtenda na nani mtendwa, na kwamba mara nyingine mpangilio huo tumeupanga sisi, kisha tukausingizia sarufi. Katika makala haya nataka kulijibu kwa kuchelewa. Njia nitakayopita ni ndefu kidogo. Inakwenda hadi kusini mwa bara letu, mjini Cape Town, ambako Waislamu wachache wa idadi wamepigania haki za binadamu kwa zaidi ya karne mbili, na ambako mapambano hayo, nikiyatazama kwa jicho la mwalimu wa lugha, mara nyingi yalikuwa mapambano juu ya maana ya neno.

Uislamu wa Rasi ulifika na minyororo. Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India ilianzisha makazi pale mwaka 1652, ikaleta watumwa na wafungwa wa kisiasa kutoka visiwa ambavyo leo ni Indonesia, kutoka Bara Hindi, Sri Lanka, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Ibada ya hadharani ya Kiislamu ilikatazwa. Uhuru wa dini haukutangazwa mpaka mwaka 1804. Mmoja wa wafungwa hao alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme wa Tidore, anayejulikana zaidi kwa jina la Tuan Guru, yaani Bwana Mwalimu. Alifikishwa mwaka 1780 akafungwa katika kisiwa cha Robben. Huko aliandika msahafu kwa kumbukumbu ya kichwa chake. Alipotoka kifungoni akawa imamu wa kwanza wa msikiti wa Auwal, ulioko mtaa wa Dorp. Kiwanja cha msikiti ule kilikuwa mali ya mtumwa aliyeachwa huru, asili yake Sri Lanka. Baadaye kikamilikiwa na mkewe, kisha na binti yao, Saartjie van de Kaap. Tangu mwanzo, basi, msikiti wa kwanza wa nchi ile ulisimama juu ya ardhi iliyopita mikononi mwa wanawake.

Watu hawa walikuja na lugha nyingi, na watoto wao wakakulia katika lugha moja mpya, iliyokuja kuitwa Kiafrikaans. Wengi hudhani kwamba Kiafrikaans ni lugha ya makaburu tu. Lakini miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa kuchapwa katika lugha hiyo kuna kitabu cha fiqhi, Bayan al-Din, cha mwanachuoni wa dola ya Uthmania, Abu Bakr Effendi, aliyefika Cape Town mwaka 1863. Kilichapwa Istanbul mwaka 1877, na kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama tenzi zetu za zamani.

Habari hii iliponifikia nilimkumbuka mama yangu. Marehemu mama aliandika barua zake zote kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Alimwandikia dada yake, alimwandikia mume akiwa safarini, aliandika hesabu ya deni la unga. Siku moja alikuja nyumbani karani wa kuandikisha watu. Alipofika kwa mama akauliza kama anajua kusoma. Mama akaleta barua. Karani akaitazama, akaona herufi asizozijua yeye, akaandika: hajui. Sitamlaumu sana karani. Fomu yake haikuwa na nafasi ya mtu kama mama. Lakini nilijifunza mapema kwamba mtu anaweza kuondolewa katika hesabu kwa sababu tu msomaji wa fomu hajui kumsoma. Watoto wa watumwa wa Rasi waliujua ujinga huo wa makarani kabla yetu.

Sasa niyaendee maneno matatu niliyoyaahidi.

Neno la kwanza ni dhaifu. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi huohuo umetupa kitenzi kudhoofu na kudhoofisha. Katika Kurani kuna neno la mzizi huo, mustadh'afun. Si watu dhaifu kwa maumbile. Ni watu waliofanywa kuwa dhaifu, waliohesabiwa kuwa dhaifu na wenye nguvu. Kiswahili, kwa bahati njema, kina kauli inayolibeba neno hilo bila kumwaga tone: waliodhoofishwa. Tazama kazi ya viambishi viwili vidogo. Kiambishi cha kutendesha, -ish-, kinasema kuna aliyesababisha. Kiambishi cha kutendwa, -w-, kinasema huyu hakujifanyia. "Dhaifu" humtaja mtu na hali yake tu. "Aliyedhoofishwa" humtaja mtu, kisha huuliza: na nani?

Swali hilo la "na nani" ndilo lililomfikisha Imamu Abdullah Haron kaburini. Alizaliwa mwaka 1924, akawa imamu wa msikiti wa Al-Jamia, Claremont, mwaka 1955. Wakati huo serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa ikiwahamisha watu kwa nguvu kulingana na rangi zao, na Claremont yenyewe ilitangazwa kuwa eneo la Wazungu. Wako waliosema kwamba Mwislamu akiachiwa msikiti wake na adhana yake hana dai jingine. Imamu Haron hakukubali. Alikwenda Langa, Gugulethu na Nyanga, vitongoji walikotengwa Waafrika, akapeleka msaada kwa familia za waliofungwa na waliouawa. Watu wa Langa wakamwita mfundisi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo: mzizi ni -funda, ndugu wa fundisha yetu. Wasiokuwa wa dini yake walimpa jina la heshima wanalowapa viongozi wao wa dini.

Alikamatwa tarehe 28 Mei 1969, siku ya Maulidi, chini ya Sheria ya Ugaidi. Alishikiliwa siku 123 bila kufikishwa mahakamani, na tarehe 27 Septemba akafa mikononi mwa polisi. Polisi walisema ameanguka ngazini. Mwili wake ulijaa michubuko. Maelfu kwa maelfu walimzika tarehe 29 Septemba, na usiku wa siku hiyo ardhi ya mkoa ule ikatetemeka kwa tetemeko kubwa la Tulbagh. Familia haikuipokea hadithi ya ngazi. Mjane wake alifariki mwaka 2019 bila kusikia hukumu nyingine. Tarehe 9 Oktoba 2023 mahakama iliyochunguza upya kifo hicho ilitamka kwamba Imamu alikufa kwa sababu ya mateso aliyotendewa na polisi. Ilichukua miaka 54 kuhama kutoka "ameanguka" hadi "ameuawa". Mwalimu wa lugha atatambua tofauti: katika kitenzi cha kwanza hakuna mtu mwingine, katika cha pili yupo.

Kizazi kilichofuata kilikichukua kitenzi hicho cha pili na kukijengea hoja. Mwaka 1984 Farid Esack, Ebrahim Rasool na wenzao waliunda chama cha Call of Islam, yaani Wito wa Uislamu, kikajiunga na muungano wa United Democratic Front uliowakusanya watu wa dini na rangi zote dhidi ya ubaguzi. Wapo waliowakosoa: mnawezaje kusimama safu moja na makasisi na wasioamini? Katika kitabu chake cha mwaka 1997, Esack alijibu kwa kuyapitia maneno ya Kurani moja baada ya jingine: taqwa, tawhid, watu, waliodhoofishwa, uadilifu, jihadi. Hoja yake, nikiifupisha kwa maneno yangu, ni kwamba Mungu anapowataja waliodhoofishwa haulizi kwanza dini yao. Kwa hiyo anayesimama nao yuko katika safu njema, na anayewadhoofisha hawezi kujificha nyuma ya jina la Mwislamu.

Neno la pili ni nafsi, na hili lilifika Cape Town na mgeni. Amina Wadud ni Mmarekani mweusi, binti wa mchungaji wa Kimethodisti, aliyesilimu mwaka 1972 na kubobea katika taaluma ya Kurani. Alifundisha Malaysia, akawa miongoni mwa waasisi wa kundi la Sisters in Islam, na mwaka 1992 akatoa kitabu kuhusu Kurani na mwanamke. Sehemu kubwa ya hoja yake ni somo la sarufi.

Kiarabu hugawa majina yote kuwa ya kike au ya kiume. Meza, jua, mto, roho, kila kimoja lazima kiwe na jinsi. Aya ya kwanza ya sura ya Wanawake inaeleza kwamba watu wote waliumbwa kutokana na nafsi moja, na kutokana nayo akaumbwa mwenzi wake, na kutoka kwa hao wawili wakaenea wanaume na wanawake wengi. Katika Kiarabu neno nafs ni la kike kisarufi, na neno zawj, mwenzi, ni la kiume kisarufi. Kama jinsi ya neno ingekuwa jinsi ya kiumbe, basi wa kwanza angekuwa mwanamke na mwenzi wake mwanamume. Wadud hasemi hivyo. Anasema kwamba jinsi ya neno si jinsi ya mtu. Aya haimtaji Adamu wala Hawa, haimtangulizi yeyote kwa daraja. Inasema nafsi, na nafsi haina jinsia.

Niliposoma hoja hiyo mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Sisi katika Kiswahili hatuhitaji kuambiwa. Nafsi iko katika ngeli ya I-ZI pamoja na nyumba na nguo. Haijui mke wala mume. Yeye ni yeye. Amekuja, amekwenda, amelia: nani atajua kama ni Asha au Ali? Tena sisi walimu tumelichukua neno hilohilo tukalifanya istilahi ya sarufi: nafsi ya kwanza, nafsi ya pili, nafsi ya tatu. Mimi, wewe, yeye. Kila anayesema "mimi" ni nafsi ya kwanza, awe sultani au mpishi wake.

Tarehe 12 Agosti 1994, miezi minne tu baada ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote nchini Afrika Kusini, Wadud alialikwa msikiti wa Main Road, Claremont, uliojengwa mwaka 1854. Imamu wake alikuwa Rashied Omar. Ilikuwa Ijumaa. Wanawake, waliokuwa wamezoea kusali ghorofani, siku ile walishuka wakaketi katika ukumbi mkuu, upande wao, sakafu moja na wanaume. Wadud alizungumza kabla ya hotuba rasmi ya sala. Alieleza maana ya kujisalimisha kwa Mungu, na mfano aliouchagua ni mimba na uzazi: mwili unaotii amri ya Muumba na wakati huohuo ukifanya kazi nzito kuliko zote. Nadhani haikuwa mara nyingi kwa mfano huo kutolewa mbele ya safu za wanaume siku ya Ijumaa. Upinzani ulikuwa mkali, na wako wenye elimu waliopinga kwa hoja za fiqhi, si kwa chuki. Sala ya wanaume na wanawake aliyoiongoza New York tarehe 18 Machi 2005 ilizua mjadala mkubwa zaidi. Msomaji anaweza kutokubaliana naye katika sala na bado akajifunza kwake kusoma neno.

Neno la tatu ni mwenzi, mwenzi wa ndoa, na hili halikusomwa msikitini. Lilisomwa mahakamani.

Chini ya sheria za zamani za Afrika Kusini, ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu haikuwa ndoa, hata kama mume alikuwa na mke mmoja maisha yake yote. Sababu iliyotolewa ni kwamba ndoa hiyo ingeweza kuwa ya mitala. Hata mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikataa kuitambua, ikasema inapingana na maadili ya umma. Kwa hiyo watoto waliitwa wa nje ya ndoa, na mke, mume akifa bila wosia, hakuwa mjane. Alikuwa mtu aliyekuwa akiishi mle ndani.

Mwanamke mmoja wa Cape Town aliolewa kwa nikahi mwaka 1977. Mumewe akafa mwaka 1994, hakuacha wosia. Sheria ya mirathi ilimpa haki "mwenzi" aliyebaki. Akaambiwa kwamba yeye, kwa maana ya sheria, si mwenzi, na nyumba aliyokaa ikawa mashakani. Shauri lake lilipanda hadi Mahakama ya Katiba, na tarehe 11 Machi 2004 majaji wakatoa uamuzi. Jaji Albie Sachs, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alisema kwamba neno lile, kwa maana yake ya kawaida, linamjumuisha mke wa ndoa ya Kiislamu. Kilichomtoa nje kilikuwa chuki ya zama zilizopita. Lugha haikuwa imemtoa. Hakuna herufi iliyoongezwa katika sheria ile. Neno lilikuwa palepale. Lilisomwa upya na watu waliokuwa tayari kumwona.

Mwaka 2009 mahakama hiyo iliwafikia pia wajane wa ndoa za mitala, na tarehe 28 Juni 2022 ilitamka kwamba sheria za ndoa na talaka zinakiuka katiba kwa kutozitambua ndoa za Kiislamu, ikalipa Bunge miezi 24 kurekebisha. Wako mashehe waliohofia Bunge lisilo la kidini kuipangia sharia mipaka, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini mjane asiye na paa hawezi kungoja mpaka wenye elimu wamalize mjadala. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu. Ni neema ambayo tumeizoea kiasi cha kusahau kwamba jirani zetu waliipigania.

Sitaki msomaji adhani hadithi hii imefika mwisho mwema. Tarehe 15 Februari 2025, Muhsin Hendricks, imamu wa Cape Town aliyetangaza hadharani kwamba ni shoga na kutumia miaka mingi kuwahudumia Waislamu waliofukuzwa makwao kwa sababu hiyo, alipigwa risasi akafa huko Gqeberha. Najua wasomaji wengi hapa hawakubaliani na mafundisho yake. Mimi nauliza swali la mwalimu tu. Neno "watu" katika aya ile ya nafsi moja linaishia wapi? Na nani amepewa kalamu ya kulikata?

Narudi kwa mwanafunzi wangu. Niliwahi kujivuna kwamba Kiswahili, kisicho na jinsi ya kisarufi, kimetuepusha na dhuluma za lugha nyingine. Yeye alinionyesha kwamba sivyo. Tuna "yeye" inayowabeba wote, kisha tukaweka "oa" kwa mmoja na "olewa" kwa mwingine. Lugha ilitupa uwanja sawa, nasi tukachora mstari. Hata hivyo kitenzi hicho kina kauli ya tatu, na siku ile nilikuwa sijafika kuiandika ubaoni: oana. Wameoana. Kutendana, wawili, hakuna mtendwa peke yake. Lingekuwa jibu jema: "Sarufi hukukosea, mwanangu, desturi ndiyo iliyopanga hivyo, na lugha yetu ina njia ya kuwataja wote wawili kwa pamoja."

Kwa kuwa ukumbi huu ni wa washairi, nami si mshairi mkubwa, naacha ubeti mmoja:

Dhaifu hakuumbiwa, unyonge kuwa ni wake,
Bali ni aliyetiwa, udhaifu na wenzake,
Mjane hunyang'anyiwa, nyumba na hifadhi yake,
Neno likifunguliwa, huipata haki yake.

Mwenye kujua aliko mwanafunzi yule amfikishie salamu zangu. Lazima sasa ni mtu mzima, pengine ana wanafunzi wake mwenyewe. Amwambie kwamba mwalimu wake alikosea vyote viwili, sarufi na adabu, na kwamba anaweza kusimama.